Nimebadili faili la 96 kHz kwenda 44.1 kwa programu mbili, nimepata sauti mbili tofauti. Tatizo liko wapi?

#1 MpigaTarumbeta
Wadau salaam. Nina rekodi ya kwaya na bendi, imechukuliwa kwa 96 kHz (sampuli, yaani vipimo vya wimbi, 96,000 kwa sekunde), biti 24 (usahihi wa kila kipimo). Inakwenda kwenye CD, kwa hiyo lazima iwe 44.1 kHz, biti 16, hapo hakuna mjadala. Faili lilelile nimelipitisha kwenye programu mbili. Toleo la kwanza limetulia. La pili, matoazi yana mchakacho mkavu ambao kwenye rekodi asili haupo, na kwaya ikifungua sauti zote nasikia "tk, tk" ndogondogo. Sijagusa kitu kingine chochote.

Kinachonisumbua ni hiki: kubadili kiwango cha sampuli si hesabu tu? Hesabu moja inawezaje kuwa na majibu mawili? Na je, ningerekodi kwa 88.2 ili nigawe kwa mbili, ningepona?

#2 NotaSaba
Nafuatilia. Hilo la 88.2 nami nimelisikia kwa watu wengi, sijawahi kupewa sababu.

#3 FundiWaMasafa
Mkuu, ni hesabu, ila ni hesabu yenye uamuzi ndani yake, na uamuzi huo kila programu inaufanya kivyake.

44,100 ukiigawa kwa 96,000 unapata 147 kwa 320. Kwa maelezo ya kitabuni, unapandisha sampuli mara 147 (unafika 14,112,000 kwa sekunde), unachuja, kisha unachukua moja katika kila 320. Programu nzuri hazizikokotoi sampuli zote hizo, zinakokotoa zile tu zitakazobaki, lakini jibu ni lilelile.

Sasa angalia hapo kwenye kuchuja. Faili la 44.1 linaweza kubeba masafa mpaka 22,050 Hz na hapo ndipo mwisho. Rekodi yako ya 96 inabeba mpaka 48,000. Matoazi yana nguvu nyingi juu ya 22 kHz, huzisikii lakini maikrofoni imezichukua. Usipoziondoa kabla ya kupunguza sampuli hazipotei, zinakunjwa zinarudi chini. Mlio wa 30,000 Hz unatokea kwenye 14,100. Wa 25,000 unatokea kwenye 19,100. Hizo sasa unazisikia, na hazina uhusiano wowote na muziki, maana mlio halisi ukipanda wenyewe unashuka.

Dau langu: programu ya pili ina filta (kichujio) dhaifu.

#4 SikioKali
Mimi naona mnaizunguka mbuyu. 96 ina ngazi ndogondogo nyingi, 44.1 ina ngazi kubwa. Ukipunguza ngazi, sauti lazima iwe na mikwaruzo.

#5 BintiMawimbi
SikioKali, hapo nakupinga kaka. Ngazi ni michoro ya kwenye skrini tu. Kinachotoka kwenye waya wa spika kimeshapita kwenye filta ya mwisho ya kadi ya sauti, na ni wimbi laini. Mhandisi Kotelnikov alilionyesha hilo mwaka 1933, mwanahisabati Shannon akaliandika kwa upana mwaka 1949: ikiwa masafa yote yako chini ya nusu ya kiwango cha sampuli, wimbi linarudi lote, na hata sehemu zilizo katikati ya sampuli na sampuli zinajulikana.

Halafu kama ngazi zingekuwa ndiyo sababu, toleo la kwanza la mleta uzi nalo lingechakacha. Nalo ni 44.1 vilevile.

#6 MpigaTarumbeta
Nimeelewa la kukunjika. Lakini "tk" je? Hizo zinatokea kwenye sauti kubwa tu, hata pale ambapo matoazi yamenyamaza.

#7 KaziYaUsiku
Hiyo "tk" naifahamu vizuri, na haina undugu na filta dhaifu. Rekodi yako ilishakuzwa mpaka karibu na desibeli sifuri, yaani ukubwa wa juu kabisa ambao faili linabeba, ama sivyo?

Sampuli ni vituo tu kwenye wimbi. Wimbi lenyewe linaweza kupanda juu zaidi katikati ya vituo viwili. Ukibadili kiwango unaweka vituo vipya mahali papya, na kimoja kinaweza kuangukia pale pale kwenye kilele ambacho zamani hakikuwa na kituo. Kama cha zamani kilikuwa -0.1, kipya kinaweza kuwa +0.6. Kwenye biti 16 hakuna +0.6, kinakatwa. Hiyo ndiyo "tk".

Fanya hivi: badili kiwango ukihifadhi kwenye biti 32 za desimali (32-bit float), ambazo hazikati, halafu uangalie kilele kinasoma ngapi. Kikizidi sifuri umempata mwizi. Dawa ni kushusha desibeli moja kabla ya kubadili, au mbili kama masta yako (rekodi ya mwisho iliyokamilika) imebanwa sana.

#8 FundiWaMasafa
KaziYaUsiku yuko sahihi kwa "tk". Kwa mchakacho bado nasimama na filta.

#9 KaziYaUsiku
Mbona mchakacho nao unaweza kuwa ni kukatika? Kilele kikikatwa kinazaa masafa mapya ya juu, tena mengi. Matoazi yakipigwa juu ya kwaya iliyojaa, vilele vinakatwa mfululizo kwa muda mfupi sana, na sikio halisikii "tk" mojamoja, linasikia ukavu.

#10 MzeeWaKanda
Ngoja niwaache mpambane, mimi nijibu la 44.1 maana hakuna aliyeuliza lakini najua mtauliza. 🙂

Zamani kompyuta hazikuwa na diski za kubeba sauti ya kidijitali ya saa nzima. Kilichokuwepo ni mikanda ya video. Kwa hiyo sampuli zilipangwa kwenye mistari ya picha, tatu kwa kila mstari. Video ya mfumo wa Marekani na Japani: mistari 245 inayotumika, mara nyanja (nusu-picha) 60 kwa sekunde, mara 3, unapata 44,100. Mfumo wa Ulaya: 294 mara 50 mara 3, unapata 44,100 ileile. Namba moja ikakubali mifumo yote miwili. Sony na Philips walipoitoa CD mwaka 1982, namba ikaja nayo.

48,000 imetoka upande wa filamu na utangazaji. Inagawanyika vizuri kwa fremu: sampuli 2,000 kwa kila fremu kwenye filamu ya fremu 24, 1,920 kwenye 25, 1,600 kwenye 30. Jaribu 44,100 kwa 24 uone, inakuja 1,837.5. Nusu ya sampuli utaiweka wapi?

#11 SikioKali
Mzee heshima yako, lakini mimi nilifundishwa 44.1 ni kwa sababu mtu anasikia mpaka 20 kHz, mara mbili, na ziada kidogo ya filta.

#12 MzeeWaKanda
Hiyo inakwambia kwa nini ni zaidi ya 40. Haikwambii kwa nini ni 44.1 na siyo 43 au 45. Hayo mengine ni mkanda.

#13 NotaSaba
Mzee hapo umenifungua macho. Tuendelee.

#14 Kitasa_B
Kuna mtu ameuliza mleta uzi anasikilizia wapi? Maana watu wanabishana kuhusu faili na hawajui kama wanachosikia ni faili.

Kompyuta nyingi zina kiwango chake kimoja zinachotumia kutoa sauti, mara nyingi 48 kHz. Ukicheza faili la 44.1, mfumo wenyewe unalibadili kwenda 48 papo hapo bila kukuuliza. Windows inafanya hivyo kwenye hali yake ya kawaida ya kushirikisha programu nyingi. Simu nyingi za Android nazo zinachanganya kila kitu kwenye 48. Kwa hiyo unachosikia kimeshabadilishwa mara mbili: kwanza na programu yako, kisha na mfumo, na ule wa mfumo umeundwa kwa ajili ya kasi zaidi kuliko ubora.

#15 BintiMawimbi
Hoja nzuri, lakini matoleo yote mawili ni 44.1 na yamepita kwenye mfumo uleule. Lingekuwa tatizo la mfumo, yote mawili yangeumwa.

#16 Kitasa_B
Labda, labda siyo. Toleo lenye vilele vilivyogusa sifuri likibadilishwa tena na mfumo linakatika mara ya pili. Toleo lenye nafasi ya desibeli moja linapita salama. Mfumo ni uleule, matokeo mawili.

Na kama anatumia hedfoni za Bluetooth tusibishane kabisa. Maikrofoni yake ikiwashwa na programu yoyote, mara nyingi kiunganishi kinahamia kwenye hali ya simu, na kiwango cha sampuli kinashuka mpaka 16 kHz au hata 8. Nimeshuhudia mtu akirekodi mahojiano mazima hivyo: programu imeandika 48 kwenye faili, lakini kwenye mchoro wa masafa hakuna kitu juu ya 8,000 Hz. Weusi mtupu.

#17 MpigaTarumbeta
Nasikilizia hedfoni za waya, kadi ya nje iliyowekwa 44.1 mahsusi. Na ndiyo, masta iko -0.1.

#18 KaziYaUsiku
-0.1! Nilisema mimi.

#19 FundiWaMasafa
Usisherehekee kwanza 😄. Mkuu MpigaTarumbeta, kuna kipimo cha filta ambacho hakihitaji sikio. Tengeneza faili la 96 kHz lenye mlio mmoja unaopanda taratibu kutoka chini mpaka 48,000 Hz, uwe wa sauti ya wastani, tuseme desibeli -6, ili suala la kukatika lisiingie. Libadili kwenda 44.1 kwa programu zote mbili, kisha fungua mchoro wa masafa. Programu nzuri itakuonyesha mstari mmoja unapanda mpaka karibu na 22 kHz, unafifia, baada ya hapo kimya. Mbovu itakuonyesha mstari unafika juu, unagonga, unarudi chini. Mbovu zaidi ina mistari mingi inayokatana kama nyavu.

Kwa anayetumia SoX (programu ya kubadili faili za sauti), ngazi za ubora ziko wazi: -h inazuia yanayokunjika kwa desibeli kama 125, -v kwa 175. Biti 16 nzima ina kama desibeli 96 tu, kwa hiyo -h imeshapita mahitaji ya CD.

#20 Pumzi_Moja
Wakuu samahani naingilia. Nina video ya hotuba ya saa moja, sauti nilirekodi kando kwa kinasa. Mwanzo midomo na sauti vinakwenda pamoja, mwisho sauti imepishana kama nusu sekunde. Nimeambiwa ni 44.1 dhidi ya 48. Kweli?

#21 BintiMawimbi
Hapana dada/kaka, hesabu inakataa. Faili la 48 likichezwa kana kwamba ni 44.1 bila kubadilishwa, saa moja inakuwa dakika 65 na sekunde 18. Na sauti inashuka karibu semitoni moja na nusu (semitoni ni nusu toni), kila mtu angekuwa na koo la baba mkwe. Ungeona ndani ya dakika ya kwanza.

Nusu sekunde kwa saa ni saa za ndani za vifaa. Kinasa kina saa yake, kamera ina yake, na hakuna inayopiga 48,000 kamili. Tofauti ya sehemu 50 kwa milioni tu ni sekunde 0.18 kwa saa, na vifaa viwili vikikosea kwa kupingana inaongezeka. Nyoosha sauti kwa kiasi hicho kidogo, yaishe.

#22 MzeeWaKanda
Ongezea na hili: kama video ni ya fremu 29.97 na mradi umewekwa 30 kamili, tofauti ni moja kwa elfu, yaani sekunde 3.6 kwa saa. Yeye ana nusu, kwa hiyo siyo hiyo, ila wengine wataikuta.

#23 Kitasa_B
Kama video imepigwa kwa simu, mimi ningeanza na fremu. Simu nyingi hazishiki kasi moja ya fremu, zinapanda na kushuka kulingana na mwanga. Programu ya kuhariri ikidhani kasi ni moja, sauti inapishana hata kama saa za vifaa ni kamilifu.

#24 Pumzi_Moja
Ni ya simu. Sasa nimebaki njia panda, saa au fremu?

#25 Kitasa_B
Angalia kupishana kunakua vipi. Kukikua sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho, saa. Kukiruka na kurudi, fremu.

#26 BintiMawimbi
Na kunaweza kukua sawasawa kwa sababu ya fremu pia, ikiwa mwanga haukubadilika. Usimpe uhakika usiokuwepo.

#27 Mtunza_Heda
Kwa hilo la faili kucheza polepole na zito: mara nyingi hakuna aliyebadili sampuli hata moja, ni heda (maelezo ya mwanzo wa faili) imeandikwa vibaya. Fungua WAV ya kawaida kwa kihariri cha baiti. Ukianza kuhesabu kutoka sifuri, baiti ya 24 hadi ya 27 ndizo zinazosema kiwango. Ukiona 44 AC 00 00 ni 44,100. Ukiona 80 BB 00 00 ni 48,000. Hizo baiti nne ukizibadilisha, sauti inabadilika mwendo na urefu bila sampuli kuguswa.

Audacity nayo ina milango miwili inayochanganya watu. Kiwango kilicho kwenye menyu ya wimbo wenyewe kinabadili mwendo wa kucheza, sawa na kubadili heda. Kubadili sampuli kwa kweli kuko kwenye menyu ya nyimbo kule juu. Watu wanaingia wa kwanza wakitaka wa pili.

#28 NotaSaba
Na swali la 88.2 limekufa?

#29 FundiWaMasafa
Halijafa. Kugawa kwa mbili hakukuondolei filta. Bado una masafa kati ya 22,050 na 44,100 yanayotakiwa kuondoka kabla hujaruka sampuli moja baada ya moja. Ukiruka tu bila kuchuja yanakunjika vilevile. Kazi ngumu ni ile filta, inayotakiwa kupitisha 20,000 yote na kufunga ifikapo 22,050. Iwe umetoka 88.2 au 96, mlango ni huohuo mwembamba. Zamani kompyuta zilipokuwa dhaifu kugawa kwa mbili kulirahisisha hesabu. Leo sioni faida.

#30 SikioKali
Nasikia tofauti mimi. 88.2 kwenda 44.1 kunabaki na hewa.

#31 BintiMawimbi
Kaka jina lako linatudai ushahidi. Lete matoleo mawili yasiyo na majina, uchague ukiwa hujui lipi ni lipi.

#32 SikioKali
Nitaleta. Ila na ninyi mkubali kuwa filta kali zina gharama. Filta inayofunga ghafla inatikisika, na ile ya fazi mnyoofu (inayochelewesha masafa yote sawasawa) inatikisika hata kabla ya pigo lenyewe kufika. Toazi halijapigwa, mtikisiko umeshaanza. Hilo siyo sikio langu, ni hesabu yenu.

#33 FundiWaMasafa
Hapo nakubali, umegusa penyewe. Mtikisiko wa kabla upo. Unakaa karibu na 22 kHz, pale filta inapofunga, na ndiyo maana nasema watu wazima wengi hawausikii. Lakini wapo wanaochagua filta ya fazi ndogo, inayousukuma mtikisiko wote nyuma ya pigo, kwa gharama ya kuyachelewesha masafa ya juu kidogo tofauti na ya chini. Na wapo wanaochagua filta inayoanza kushuka mapema, inapoteza kidogo kabla ya 20,000 lakini haitikisiki sana. Ndiyo uamuzi niliousema mwanzo. Programu mbili zote zinaweza kuwa nzuri na zisilingane.

#34 Kitasa_B
Hakuna aliyetaja ditha (kelele hafifu inayoongezwa makusudi wakati wa kupunguza biti). Kutoka biti 24 kwenda 16 bila ditha kunaleta uchafu pia.

#35 KaziYaUsiku
Kunaleta, lakini chini kabisa, kwenye mikia ya sauti inayofifia. Yeye analalamika kwenye sehemu kubwa. Ila mpangilio ni muhimu: badili kiwango kwanza ukiwa kwenye biti nyingi, ditha iwe ya mwisho kabisa. Ukiweka ditha ndipo ubadili kiwango, hesabu inarudi kuwa na desimali ndefu na inabidi ukate tena.

#36 MpigaTarumbeta
Nimerudi. Mlio unaopanda: programu ya kwanza mstari umefifia juu, kimya. Ya pili mstari umegonga na kurudi, hafifu lakini unaonekana mpaka kama 15 kHz.

Halafu nikashusha masta desibeli moja na nusu, nikabadili tena kwa hiyo ya pili. "Tk" zimekwisha kabisa. Mchakacho umepungua sana, ila haujaisha, au ndivyo ninavyosikia.

#37 KaziYaUsiku
Umepungua kwa kushusha sauti! Filta dhaifu haijali desibeli moja na nusu. Ulikuwa ni kukatika.

#38 FundiWaMasafa
Haujaisha, na mstari umerudi. Kilichobaki ni kukunjika.

#39 BintiMawimbi
Na je, uliposikiliza ulilinganisha sauti za ukubwa mmoja? Toleo lililoshushwa linasikika laini hata kama hakuna kilichobadilika. Shusha na toleo la zamani kwa desibeli hizohizo baada ya kubadili, ndipo usikilize.

#40 Kitasa_B
Jaribu pia kulirudisha 96, ugeuze fazi, ulijumlishe na asili uone kinachobaki.

#41 FundiWaMasafa
Akifanya hivyo atabaki na kila kitu kilichokuwa juu ya 22 kHz, na atadhani ni kosa. Achuje asili kwanza kwa filta ileile. Na programu ya fazi ndogo haitafutana nayo hata ikiwa nzima.

#42 MpigaTarumbeta
Shukrani wakuu. CD inakwenda na toleo la programu ya kwanza, lililoshushwa. Hilo la ukubwa mmoja nitalifanya usiku pakitulia, nitaleta sampuli za sekunde kumi kumi bila majina.

#43 Pumzi_Moja
Wangu unakua sawasawa. Nimenyoosha, umekaa. Swali jingine kabla hamjaondoka: nina mazungumzo ya simu ya 8 kHz, nikiyapandisha 48 yatang'aa?

#44 Mtunza_Heda
Hayatang'aa. Juu ya 4,000 Hz hakukuwa na kitu, na kupandisha hakuongezi. Utapata faili kubwa mara sita lenye sauti ileile. Lipandishe tu kama mradi wa video unadai 48.

#45 SikioKali
Kuna programu siku hizi zinazijaza hizo za juu, na zinasikika vizuri.

#46 Mtunza_Heda
Zinabuni. Kwa hotuba inavumilika. Kwa ushahidi au utafiti wa matamshi siwezi kukubali, maana "s" utakayoisikia imetungwa na programu.